Dadu la Udongo

Mwaka wa unga wa yanga nilikuwa na miaka tisa, na ndio mwaka dhiki ilipoingia kwetu ikavua viatu kabisa, ikakaa. Wa rika langu wanaujua mwaka huo bila kutajiwa tarehe. Unga wa njano ulikuwa ukinukia gunia hata baada ya kuiva. Kwenye foleni mtu anaacha jiwe lake limshikie nafasi, na akirudi anakuta watu wamelisogeza mbele kwa haki. Baba yangu alituaga kwamba anakwenda Tabora kwa ndugu zake kuangalia kazi. Alichukua sanduku, akachukua na redio. Mtu anayekwenda kuangalia kazi akibeba na redio, mtu mzima anaelewa. Mie nilikuwa mtoto, sikuelewa.

Nikatolewa shule darasa la pili ili nimlee mdogo wangu Shabani, mama apate kwenda kwenye foleni na vibarua vyake. Nasema bila haya. Wapo waliomaliza vyuo wanaokuja kununua tofali kwangu, na mie ndiye ninayewaambia kwamba msingi wao umepinda.

Sikuwa na mpango wa kuyaandika haya. Yameletwa na simu ya mjukuu wangu Zuhura, ana miaka kumi na sita, alikuja likizo hapa kwangu Chanika. Asubuhi moja alimaliza kufagia, akakaa juu ya tofali zilizokauka, kichwa kimezama kwenye simu. Mara nasikia, "Mungu wangu! Moja!"

"Moja ya nini?" nikamuuliza.

"Ya dadu, Bibi."

"Dadu? Unacheza kamari kwenye uwanja wangu?"

"Siyo kamari, Bibi jamani. Tunaigiza. Kila mtu ana mtu wake. Mie ni mganga wa mfalme, nilikuwa naruka korongo. Sasa nimerusha, imekuja moja. Nimeanguka."

"Umekufa?"

"Nimekufa."

Akanieleza. Wako kumi kwenye grupu la simu. Mmoja anakaa hosteli za Mabibo, mwingine Mwenge, mwingine yuko Mombasa huko, na hawajawahi kuonana uso kwa uso. Wanaandika hadithi kwa zamu, na yupo mmoja, msimulizi, ndiye anayesema mto umejaa au askari wamefika. Mtu akitaka kufanya jambo la mashaka, simu inarusha dadu yenyewe na grupu zima linaona.

Nikamjaribu. "Sasa si umbembeleze huyo msimulizi urushe tena? Umemlea huyo mganga miezi mingapi?"

"Minne." Akanitazama kama nimemtukana. "Lakini Bibi, nikirusha tena, si bora nisingerusha kabisa?"

Nikavuta ndoo, nikaigeuza, nikaikalia. Maneno hayo niliyasikia karibu miaka hamsini iliyopita, barazani Tandika, kwa binti ambaye simu ya mkononi alikuwa hajaiota.

Jina lake Sauda. Wakati huo alikuwa na miaka kama kumi na mitano. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba sita, kila chumba na familia yake, na Sauda na mama yake walikuwa chumba cha mwisho, jirani na jiko. Miguu yake ilipooza kwa polio tangu mdogo. Asubuhi mama yake alimbeba akamweka barazani juu ya mkeka, akaenda kuuza maandazi, na Sauda akakaa hapo mpaka jua lizunguke. Alikuwa anasuka ukili, mikono haitulii, na sauti anayo. Mama yangu alikuwaga anasema, "Mungu alimnyima Sauda miguu, akamrudishia kooni."

Sauda alikuwa Mzaramo, sie Wanyamwezi. Kwa hiyo watani. Hakuwahi kuniita jina langu hata siku moja, aliniita mtani, na akikasirika aliniita mbeba mizigo, kwa ajili ya mababu zetu wapagazi.

Alikuwa na dadu moja, la ludo ambayo ubao wake uliliwa na mchwa. Dadu la mfupa, limepata rangi ya jino la mvuta sigara. Alilifunga kwenye pindo la kanga yake kama wenzake wanavyofunga hela. Na kwa dadu hilo moja alitutembeza watoto wanne wa ile nyumba nchi nzima bila kuondoka kwenye mkeka.

Mchezo tuliuita Safari. Kila mtoto alichagua mtu wa kuwa. Mie nilikuwa tajiri wa chumvi mwenye lori. Idi, mtoto wa chumba cha mbele, alikuwa askari mwenye bunduki. Sauda anaanza: "Mmefika Malagarasi. Maji yamefika kifuani, na kuna kitu kama gogo, lakini gogo lina macho. Mnafanyaje?" Sie tunasema tunavyofanya. Kama ni jambo la kawaida, kula, kulala, kupanda lori, anasema, "Haya, imekuwa." Kama ni jambo la mashaka anafungua pindo taratibu, na sie pumzi tumezibana. "Rusha." Sita, umevuka na umeokota kitu. Tano au nne, umevuka. Tatu au mbili, umevuka lakini umeachia kitu chako mtoni. Moja, gogo lina macho.

Siku moja Idi alipata moja. Mamba akamla askari wake, bunduki na vyote. Idi akalia machozi ya kweli.

"Nirushe tena, Dada Sauda! Mkono uliteleza!"

"Haurushi."

"Mara moja tu!"

"Idi, nikikuacha urushe tena, si bora usingerusha kabisa? Dadu likisema, limesema. Futa kamasi. Kesho unakuja na mtu mwingine."

Kisha akasema na maneno mengine, na hayo ndiyo niliyopaswa kuyashika: "Nilikuuliza kabla, mbona huendi kutafuta daraja? Ukasema askari haogopi. Ukitaka kurusha, kwanza itazame moja usoni. Kama huwezi kuipokea, usirushe." Lakini mtoto anashika linalomng'aria. Mie nilishika nusu moja tu: dadu likisema, limesema. Nikaona lile dadu lina elimu, linajua mambo yajayo kama sheikh wa falaki, na Sauda ni msomaji wake tu.

Basi nikataka langu. Kulikuwa na udongo wa mfinyanzi bondeni tulikokuwa tunachota maji. Nikaufinyanga, nikaukata kwa uzi, nikaanika juu ya paa la banda la kuku, nikatoboa matundu kwa njiti ya ufagio. Nilipomaliza nilijiona fundi. Kitu cha kwanza kukitengeneza kwa mikono yangu duniani kilikuwa dadu, na lilikuwa baya, lakini hilo sikulijua.

Nikaanza kuliuliza. Nikapanga kama Sauda: nne, tano, sita ni heri, chini ya hapo shari. Je, mama atarudi na unga? Nne. Akarudi na unga. Mvua itaacha kunyesha? Nne. Ikaacha. Nikaliuliza kuhusu baba. Nne! Baba hakuja siku hiyo wala wiki hiyo, lakini mie sikuvunjika moyo hata kidogo. Nilisema dadu limesema anakuja, halikusema lini. Kila jioni nilikuwa nafagia mlangoni sana, pande zote mbili, ili akifika asione uchafu.

Sasa ikaja asubuhi ya Shabani.

Alikuwa na mwaka na nusu. Mama aliondoka mapema sana kwenda foleni, akaniachia neno moja mlangoni: "Mtoto anachemka kidogo. Akizidi, mbebe umpeleke dispensari kwa nesi. Usinisubiri." Jua lilipopanda akazidi. Nilimshika nikahisi kama nimeshika sufuria. Macho yakaanza kwenda juu, mkono mmoja ukawa unakaza na kuachia, unakaza na kuachia.

Jirani yetu wa chumba cha tatu, Bi Mwanaidi, akaingia. Mama mwema, nisimseme vibaya, ametulisha mara nyingi. Akamtazama mtoto akashika kichwa. "Hii degedege, mwanangu. Usimpeleke kwa nesi! Mtoto wa degedege akichomwa sindano anakata roho hapo hapo. Mfukize, mie nakimbia kwa mganga." Wa rika langu mnajua kwamba hakubuni yeye. Kila nyumba ilisema hivyo. Akachoma mavi makavu ya tembo kwenye kigae, chumba kikajaa moshi, akatoka mbio. Harufu ile mpaka leo nikiipata, hata iwe ni nyasi tu zinaungua, mgongo unanisisimka.

Nikabaki na maneno mawili ya watu wazima wawili, yanapingana. Mama kasema nenda. Bi Mwanaidi kasema ukienda anakufa. Nina miaka tisa. Nikafanya nililoliona la busara kuliko yote. Nikatoa dadu langu chini ya mto, nikaliuliza: atapona nikikaa hapa hapa?

Nne.

Mwili wangu wote ukalegea kwa raha. Nilikaa. Namtazama mdogo wangu anakazana, mate yanamtoka, na mie nimetulia kama mtu aliyekwishaambiwa mwisho wa hadithi. Sijui nilikaa muda gani. Baadaye nikatoka barazani, siyo kuomba msaada, hapana. Nilitoka kumpa Sauda habari njema.

"Dada Sauda, Shabani ana degedege lakini atapona. Nimerusha nimepata nne."

Ukili ukasimama mkononi. "Umerusha nini?"

"Dadu."

"La nani? Langu hili hapa."

"Langu. Nimelifinyanga."

"Na ungepata moja?"

Nikamnyooshea vidole vinne.

"Nakuuliza wewe mbeba mizigo! Ungepata moja ungefanyaje? Ungekaa ukamngoja afe kwa sababu tope limesema? Mlete hapa. Mlete!"

Nikamleta. Sauda akampakata, akambandika shavu kwenye kifua, akaangalia barabarani. Alikuwa anapita mtu na mkokoteni umejaa magunia ya mkaa, jasho linamtiririka. Hapo ndipo nilipoijua ile sauti.

"Weee baba wa mkaa! Simama!"

Yule mtu akasimama, akageuka. "Mkaa una mwenyewe, binti, siuzi."

"Sitaki mkaa, nataka mkokoteni. Mwaga!"

"Nimwage?"

"Mwaga nakwambia! Mkaa haukati roho, ukirudi utaukuta. Huyu ndiye anayekata."

Yule baba alimtazama mtoto mara moja. Sikumjua jina hata leo. Akainua mikono ya mkokoteni, magunia yakaanguka moja moja mbele ya mlango wetu, akaja barazani, akambeba Sauda na mtoto wake wa kupakata, akawaweka juu ya masizi. Sauda alikuwa hajatoka nje ya ile nyumba tangu mfungo wa mwaka uliopita. Alikuwa na haya ya kuonwa njiani akibebwa. Siku hiyo akapita Tandika nzima, mchana kweupe, juu ya mkokoteni, miguu yake inaning'inia kama kamba, na gauni jeusi tii.

Mie nakimbia pembeni na kanga niliyoilowesha ya kumpoza mtoto. Watu sokoni wakaanza: "Haya, bibi harusi huyo! Mahari mkaa!" Sauda hakugeuza shingo. "Pisheni!" anapaza. "Pisheni njia, mtacheka mkitoka kuzika!" Wakapisha.

Dispensari nesi akauliza, "Nani mzazi?"

"Mie," akasema Sauda. Miaka kumi na mitano.

Nesi akavuta sindano. Mie nikapiga ukelele, nikamshika nesi gauni, maana Bi Mwanaidi alikuwa kichwani mwangu bado. Sauda akanivuta kwa mkono mmoja, kwa nguvu nisizozijua, akaniambia sikioni, taratibu kabisa: "Mtani, tazama. Hapa moja ipo. Naiona. Lakini kule chumbani kwenye moshi, kote ni moja."

Wakamchoma. Wakamlowesha maji. Tukangoja. Yule baba wa mkaa akangoja na sie, amekaa chini, kofia mkononi. Kisha Shabani akalia. Kilio kidogo, cha hasira, kama mtu aliyeamshwa bila adabu. Sijasikia tena mwanadamu akilia nikafurahi namna ile.

Mama alirudi alasiri na kilo zake mbili za unga, akakuta mlangoni kwake magunia ya mkaa na hakuna mtu, Bi Mwanaidi naye bado yuko kwa mganga. Hayo aliyoyafikiri mpaka tuliporudi, hakuwahi kutusimulia.

Nilidhani Sauda atanisema kwa mama. Hakunisema. Kesho yake aliniita mkekani, akafungua pindo akatoa dadu lake, akaniambia nilete langu. Akanipa kipande cha mkaa, maana mkaa ulimwagika kidogo. "Rusha langu mara sitini. Kila namba piga mstari wake ukutani."

Kuhesabu mpaka sitini nilikuwa sijui vizuri, akanihesabia. Nikarusha mpaka mkono ukauma. Mistari ya ukutani ikatoka karibu sawa, moja kumi na moja, sita tisa, hivyo hivyo, hakuna namba iliyojitapa.

"Sasa lako."

Nikarusha langu. Nne. Nne. Mbili. Nne. Tano. Nne. Kabla hatujafika arobaini ule mlundo wa nne ulikuwa umeshapita dirisha. Nikaacha kurusha mwenyewe.

Sauda akalichukua, akaligeuza kwenye jua. "Ona ubavu huu. Umevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Lazima ulale chini kila siku, na nne ije juu. Umelifinyanga mwenyewe, ukalipinda mwenyewe, halafu ukaenda kuliuliza?"

"Na lako? Lako linajua?"

"Langu halijui kitu. Ndiyo uzuri wake. Halimjui Idi, halikujui wewe, halijui kwamba mie kiwete. Linatutendea sawa. Kwa hiyo ni la mchezo. Lisilo na shaka halirushiwi, na la roho ya mtu halirushiwi."

"Kwa hiyo baba..." nikaanza.

Akafuta mistari ukutani kwa kiganja, ikawa wingu jeusi. "Baba yako mimi simjui, mtani. Fagia mlango wako kwa sababu ni mchafu."

Nililia siku hiyo. Lakini jioni nilifagia, upande wetu tu, nikaingia ndani kupika.

Nimefanya kazi nyingi tangu hapo. Nimeuza mihogo, nimebeba zege majengo ya watu, na kwenye zege ndipo nilipoiona tofali ikifyatuliwa nikasema hii ndiyo yangu. Kila kibao cha kufyatulia nilichowahi kununua nakipima pembe zote nne kabla sijakiwekea mchanga, na vijana wangu wananicheka, "Mama, hiyo ni tofali, siyo dhahabu." Nawaacha wacheke. Nilipotaka kununua mashine ya kwanza niliitazama moja usoni: ikiharibika nitakula nini? Nilipopata jibu ndipo nikanunua. Wenzangu waliorusha bila kutazama wako wapi, sitaki kuwataja.

Siku ile ya Zuhura nilimpigia simu Sauda. Yuko Mbagala, fundi cherehani, anashonea shule mbili.

"Mtani, hujafa tu?" nikamwanza.

"Nife nikuachie nani, mbeba mizigo wewe?"

Nikamsimulia. Nikasikia cherehani imenyamaza upande wa pili. "Wanarusha kwenye simu," akarudia polepole. "Na wako kumi, hawajuani."

"Hawajuani."

"Wanarusha mara mbili?"

"Hawarushi."

"Na kabla ya kurusha, wanaitazama moja?"

Nikamuuliza Zuhura, kabla hajaruka lile korongo alijua anaweza kufa? "Nilijua, Bibi," akasema. "Lakini mwenzangu alikuwa ng'ambo kaumia, na dawa ninazo mimi."

Nikamfikishia Sauda kama yalivyo. Akacheka kile kicheko chake cha mkekani. "Mwambie bibi yake wa Mbagala anamsalimia. Amwambie msimulizi wao kwamba huyo mganga azikwe kwa heshima." Zuhura akaandika kwenye grupu hivyo hivyo. Wakamzika. Sijui waliandika nini, lakini Zuhura alifuta machozi, na jioni akaanza kumtengeneza mtu mwingine.

Nilivyo navyo leo ni hivi. Nyumba moja Chanika, vyumba vinne, bati jipya. Kiwanja cha jirani, hati ninayo. Mashine mbili za kufyatulia tofali na vibao saba vya mkono. Kisima. Kirikuu kimoja cha kubebea tofali, injini nzima, mlango mmoja umebonyea. Mbuzi kumi na mmoja. Mkokoteni mmoja, wa zamani, sitaki kuuuza. Dadu sina, la mfupa lipo Mbagala kwa mwenyewe, na la udongo nililiyeyusha kwenye ndoo. Na mdogo wangu Shabani, mzima, ana kitambi, anakuja kila Jumapili kulalamika kwamba chai yangu haina sukari.